Tanuru Dogo la Kanduyi

Ukitoka Tuwan ukapita mjini Kitale, halafu ukashuka na barabara ya Bungoma mpaka Kanduyi, hutapita mahali usipoona tofali langu. Sijigambi, nenda ukaangalie. Lile kanisa lenye mnara ni langu. Zile shule mbili za bweni ni zangu, nasema matofali, si shule. Hata ule msikiti mdogo wa karibu na soko, walipoongeza upande wa akina mama, wazee wake waliwapita wachomaji wengine njiani wakaja kwangu, kwa sababu waliambiwa tofali la yule mtu ukiligonga linalia kama kengele. Shule niliachia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe sikulimaliza. Kila nilicho nacho nilikifyatua kwa mikono hii. Sijampigia mtu magoti anisaidie isipokuwa Mungu, na hata Mungu nilikuwa namwendea nikiwa nimeshaanza kazi.

Nasema haya ili ujue ni mtu wa aina gani anayekuandikia, kwa maana habari yenyewe ni ya tanuru, na katika tanuru ndipo watu walizoea kunisikiliza.

Watu wananiuliza juu ya binti yangu.

"Nasikia binti yako ni daktari."

"Ndiyo."

"Wa watoto ama wa wakubwa?"

"Wa nyota."

Hapo mtu ananikazia macho. "Ati wa nyota? Si aje aniangalilie yangu, bana, biashara imelala."

Tunacheka. Mimi nami nilikuwa naongeza chumvi. Nilikuwa nawaambia huko ng'ambo anaongoza madarubini makubwa kuliko uwanja wa mpira, na kwamba yeye akikohoa, maprofesa wanasimama. Ukweli ni kwamba sikujua anafanya nini. Nilijua anaitwa daktari, na hilo lilinitosha kutembea nalo mjini.

Mara ya kwanza aliponieleza kwa simu, nilikasirika. Aliniambia kazi yake ni kuchunguza nyota ambazo hazikuwaka. Nikaona wamempa mabaki.

"Kwani zile nzuri zimeisha?" nikamuuliza. "Wenyewe wamechukua zote zinazong'aa, wewe wakakuachia zilizozimika?"

Alicheka mpaka nikadhani simu imekatika. "Hapana, Baba. Nilizichagua mwenyewe."

"Sasa mtu anachagua nyota mbovu?"

"Nikija nyumbani nitakuonyesha kwa nini."

Alikuja mwaka jana, mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zimekaribia. Masomo alikuwa ameyamaliza. Huko alikosomea walikuwa wamemwambia abaki aendelee na utafiti, na chuo kimoja hapa nchini nacho kilikuwa kinamtaka. Hakuwa amejibu upande wowote. Alisema atajibu kabla ya kupanda ndege. Basi mimi nilikuwa na haja moja tu, na niliilalia na kuiamkia: nisikie binti yangu akisema, Baba, nitarudi.

Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Dada yangu mkubwa, anayeishi Bumula, ndiye aliyemlea mimi nikizunguka na lori. Kwa hiyo binti yangu alipofika, siku nyingine alilala kwangu Kitale, siku nyingine Bumula kwa huyo shangazi yake, senge kama tunavyosema sisi. Nilimwona jinsi anavyocheka na senge yake, wakimenya ndizi na kusengenya dunia nzima. Akija kwangu tulikuwa tunakunywa chai na kutazama habari. Si kwamba tulikosana. Hatukuwa na cha kusema tu. Nikawaza, mtu asiye na maneno afanye kile anachokijua. Nikaamua kumjengea nyumba.

Nina kiwanja Kanduyi, nyuma ya uwanja wa michezo. Niliwaita wazee wa ukoo nikawaambia nampa binti yangu. Walinung'unika.

"Msichana apewe ploti? Na akiolewa?"

"Akiolewa, bwana atakuja kukaa kwake."

"Ukoo haujawahi kuona kitu kama hicho."

"Basi ukoo ufungue macho."

Walikunywa soda zangu wakaenda zao. Mimi nikavua viatu, nikaingia matopeni. Ilikuwa imepita miaka mingi sijafyatua tofali mwenyewe, ninao watu wa kazi hiyo. Lakini haya nilitaka yawe yangu. Udongo wa kiwanja chake mwenyewe, mikono ya baba yake mwenyewe. Mgongo uliuma, sikumwambia mtu. Nilifyatua ya kutosha nyumba moja, basi, nikayapanga kivulini yakauke.

Sasa hapa lazima nikueleze desturi yetu, kama hutoki pande hizi. Mtu wa Bungoma akiwa na matofali kidogo hachomi peke yake. Anaita majirani. Kila mtu analeta yake, kila mtu anaweka alama yake kabla hayajakauka, huyu kidole kimoja, yule mkwaruzo wa kijiti. Yanapangwa pamoja yawe mlima mmoja, kuni zinachangwa, na siku ya kufungua kila mtu anatafuta alama yake. Si upendo peke yake unaofanya hivyo. Ni moto. Tanuru linajichoma kwa wingi wake: tofali linapasha tofali, la ndani linashikiliwa na la nje, na joto linakosa pa kutokea mpaka linapanda hadi juu. Likiwa dogo, joto linatoroka upesi kuliko unavyolilisha. Utatia kuni mpaka uchoke.

Hayo nimeyafundisha watu, na ukinikuta kwa mzee mwingine anapanga tanuru dogo, nitamcheka mbele ya wake zake.

Jirani wa kiwanja kile ni mama mmoja muuza nyanya. Alikuwa na matofali yake kando ya uzio, ameyafunika kwa majani ya migomba, anangoja mtu wa kuchoma naye. Alikuja akiwa amejifunga leso, akasimama kwa heshima.

"Baba Daktari, habari ya kazi?"

"Nzuri, mama."

"Nina vitofali vyangu hapo vimekauka. Si tuweke pamoja? Kuni zangu nitaleta, na chai ya wafanyakazi iwe juu yangu."

Mtu mwingine angekubali kabla hajamaliza kusema. Mimi nilinyoosha mgongo. "Mama, hii ni nyumba ya daktari. Nataka nikisimama pale mlangoni niseme hakuna tofali la mtu mwingine ndani."

"Sawa, baba," akasema, akaenda. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

Dada yangu alipokuja kutoka Bumula akalizunguka tanuru nililopanga, akashika kiuno.

"Mwana wa mama, hili ni dogo."

"Linatosha nyumba."

"Nyumba linatosha. Moto je?"

"Wewe utanifundisha mimi tanuru?"

"Kwani nani alikufundisha? Si mimi na mama, wewe ukilia moshi umekuingia machoni?"

Wafanyakazi wangu wawili wakageuka upande wa pili wacheke vizuri. Nikawaambia wazibe ukuta kwa udongo, kazi iendelee.

Wiki hiyo hiyo shule moja ya upili ya pale Kanduyi ikamwomba binti yangu aje kuzungumza na wanafunzi na wazazi, Jumamosi mchana. Alikuja kuniambia mwenyewe. Nilimwona ana wasiwasi, na si mtu wa wasiwasi.

"Baba, nitaongea Kiswahili. Sijawahi kuieleza kazi yangu kwa Kiswahili mbele ya watu."

"Utaongea tu. Wewe ni damu yangu."

"Utakuja?"

"Nitakaa mbele kabisa. Nitavaa ile suti ya kijivu."

Akatabasamu. "Basi uje kweli. Kuna mambo humo ni yako."

Sikuuliza ni mambo gani. Nilidhani anataka kunishukuru kwa karo.

Alhamisi asubuhi mawingu yalianza kujikusanya upande wa Mlima Elgon. Yeye alikuwa anaondoka Jumanne. Nikapiga hesabu yangu: mvua ikinyesha kabla sijachoma, matofali yataloa yarudi kuwa matope, naye ataondoka hajaona hata ukuta mmoja wa nyumba yake. Nikawasha. Na tanuru likishawashwa haliachwi. Kila mchomaji anajua hivyo, halina Jumapili, halina msiba.

Ijumaa nilijua mambo si mazuri. Chini kwenye midomo, mle tunamotilia kuni, moto ulikuwa unanguruma, lakini juu tanuru lilikuwa baridi kama paji la uso la mtu asiye na homa. Nikaongeza kuni. Nikabadilisha mdomo wa kuingizia upepo. Nikawafokea wafanyakazi, nao walikuwa hawana kosa. Joto lilikuwa linapanda hadi kiunoni mwa tanuru, kisha linapotelea hewani.

Jumamosi, kabla ya saa nane, wakapita wote wawili kuelekea shuleni. Dada yangu amevaa nguo ya kanisani, binti yangu gauni la kijani ambalo sikuwa nimeliona.

"Baba, hujaoga."

"Nitaoga. Tangulieni."

"Inakaribia kuanza."

"Kwani mimi sijui saa? Niwekee kiti."

"Nimeshakuwekea. Baba, hawa vijana wako wawili si wanajua kuchochea?"

"Kuchochea wanajua. Kuangalia hawajui."

Akasogea karibu na tanuru, akapandisha mkono, akaweka kiganja juu ukutani. Ndivyo nilivyomfundisha akiwa mdogo Kitale, kabla hajaanza shule. Nilimwambia mchomaji haangalii moto, anaweka kiganja, na kiganja kinamwambia ndani kuna nini. Alikaa hivyo kitambo. Alipoutoa mkono alipangusa udongo kwa kitambaa.

"Litapanda," nikamwambia.

"Sawa, Baba. Ukichelewa kidogo si neno."

Wakaenda.

Wale vijana wawili wa kazi wangeweza kuchochea bila mimi. Nilijua. Lakini sikuweza kuliacha tanuru likiwa linanishinda, mbele ya wafanyakazi wangu, mbele ya yule mama wa nyanya ambaye matofali yake yalikuwa pale pale uzioni yananitazama. Nilijiambia, nikilipandisha kidogo tu, nitaenda. Bado kidogo tu.

Shule ile haiko mbali, na walikuwa wameweka vipaza sauti. Upepo ukigeuka nilisikia sauti ya binti yangu. Maneno sikuyapata, nilipata mlio tu, unapanda unashuka, kama redio ya jirani. Nilimjua hata hivyo. Mara watu wakacheka, ukumbi mzima. Nikatupa gogo ndani. Wakacheka tena zaidi. Halafu kimya kirefu, halafu makofi, makofi ambayo hayakutaka kwisha. Nikasema moyoni, huyo ni wangu. Nikatupa gogo jingine.

Makofi yalipotulia, nikamwona dada yangu anakuja mbio mbio na chupa ya chai, viatu mkononi.

"Mwana wa mama! Amekusema wewe!"

"Amenisemaje?"

"Wewe mzima mzima! Kazi yote ya zile nyota ameieleza kwa tanuru lako."

Akakaa juu ya rundo la kuni, hata chai akasahau kunimiminia. Akaanza kunisimulia, mikono yote miwili ikifanya kazi.

"Anasema nyota inaanza kama wewe unavyopanga. Vumbi na hewa vinajikusanya, vinabebana, vinagandamizana, mpaka katikati kunapata moto. Ikishakuwa kubwa ya kutosha inawaka, ndilo jua. Lakini kuna nyingine zinaanza vile vile, zinajikusanya, halafu vitu vinakwisha kabla hazijafikisha uzito. Hata sehemu ya kumi ya jua hazifikishi. Hizo ndani haziwaki sawasawa. Zina lile joto tu la kujikusanya, na zinapoa polepole, miaka na miaka. Wanaziita vibete vya kahawia."

"Kahawia?"

"Ndiyo jina. Anasema kwa macho huwezi kuziona, mwanga wao ni hafifu, unazijua kwa joto. Ndipo akakutaja. Akasema, baba yangu hana haja ya kuona moto. Anaweka kiganja ukutani, anajua ndani kuna nini. Akasema ile darubini yake kubwa haina ujanja mwingine. Ni kiganja cha baba."

"Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya mwalimu mkuu! Mbele ya pasta, mbele ya wale wazee wa msikiti, wamekuja na watoto wao."

"Na kile kicheko kilikuwa cha nini?"

"Aliigiza unavyozunguka tanuru. Mikono nyuma, tumbo mbele."

"Tumbo?"

"Tumbo, bana. Watu wamelia kwa kicheko. Halafu mzazi mmoja akauliza, huyo mzee yuko wapi tumwone? Mtoto akaangalia kile kiti cha mbele. Halafu akanyoosha mkono dirishani, akasema, yuko kazini, mnaona ule moshi? Wote wakageuka. Wakaupigia moshi wako makofi, mwana wa mama. Hayo makofi si umeyasikia?"

Nilikuwa nimeyasikia.

"Nenda sasa," akasema. "Wanaingia kwenye maswali. Mimi nimetoka nikuite. Nenda, wataku—"

"Niende hivi?"

Nilijiangalia. Suruali imekunjwa magotini, masizi mpaka kwenye nyusi, kidole gumba cha mguu kimetoka nje ya ndala. Suti ya kijivu ilikuwa Kitale. Mtu aliyepigiwa makofi na ukumbi mzima aingie hivyo? Watu wamwone na matope, waseme kumbe ndiye huyu? Nilitaka wanione vile ninavyotaka kuonekana. Nikasema, "Wape salamu. Nitaonana nao siku nyingine."

Dada yangu alinitazama, akavaa viatu vyake, akamimina chai. Hakurudi kule tena. Tulikaa pale tukisikiliza vipaza sauti, maswali ya watoto yakija na kupotea, hata yakaisha.

Mvua haikunyesha hata tone.

Matanuru yangu makubwa ya Kitale yakichomwa yanakaa moto siku nyingi, na mtu akiyafungua mapema anaungua. Lile la Kanduyi, kufikia Jumatatu lilikuwa limepoa kabisa. Binti yangu alikuja tulifungue pamoja. Nilipoondoa udongo wa nje nikaona kilichotokea kabla yeye hajaona. Chini kabisa, mistari miwili mitatu imeiva, nyekundu. Yote yaliyobaki yalikuwa ya kahawia, kahawia ile ya mkate ambao haujakolea. Nikachukua moja nikaligonga. Halikulia. Akachukua lingine, likavunjika mkononi mwake bila yeye kutaka, vumbi likamwagika kwenye viatu.

"Pole, Baba."

"Ah, ni kuni. Kuni zilikuwa mbichi."

Hakunibishia. Tulikaa juu ya yale mabovu. Nikatafuta namna ya kusema, nikasema, "Nielezee na mimi, kama ulivyowaeleza wao."

"Siwezi kuisema vile tena, Baba. Jumamosi tanuru lilikuwa bado linawaka. Nikiisema hapa sasa itakuwa kama ninakucheka."

"Nicheke."

"Sitaki kukucheka."

Nikalazimisha. "Basi nieleze kile ambacho senge yako hakunieleza. Anasema uliwaambia kuna ungo."

Hapo alicheka kidogo. "Sahani ya vumbi. Senge anaiita ungo? Ni afadhali hata, ungo." Akaokota kijiti, akachora duara kwenye ile poda ya matofali. "Kibete chenyewe kiko hapa katikati. Nyota hizi nyingi hazikujikusanya zikamaliza kila kitu. Vumbi lililobaki linazizunguka, bapa, kama ungo. Lile joto lao dogo linalipasha vumbi, nalo vumbi linatoa joto lake. Sisi tukipima tunaona joto limezidi kidogo kuliko tulivyotegemea, tunajua kuna vumbi. Ndani ya lile vumbi punje zinashikana. Zinakuwa kokoto, kokoto zinakuwa mawe. Labda inatokea dunia ndogo. Bado hatujui vizuri. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Hata kwa nyota iliyoshindwa?"

"Haikushindwa, Baba. Haikupata vitu vya kutosha."

Macho yangu yakaenda uzioni, kwenye majani ya migomba. Nikayarudisha.

Ndipo akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata hakuniangalia, alikuwa anafuta lile duara kwa mguu.

"Baba, nikirudi, ungetaka nifanye nini hapa?"

Ningejua uzito wa swali lile ningemwomba anipe siku nzima. Lakini mimi ni mtu wa jibu la papo hapo. Nikasimama. Nikamwonyesha kwa mkono: hapa geti, geti la chuma la milango miwili, gari lipite. Hapa tanki la maji. Pale ghorofa, kama atataka ghorofa. Vyumba vinne na cha wageni. Taa kubwa kila pembe usiku uwe kama mchana, mwizi asithubutu. Matofali nitaleta kutoka Kitale, lori baada ya lori, asijali haya. Nikamwambia atakaa kama malkia, na kila mtu atakayepita Kanduyi atauliza, hapa ni kwa nani?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniachia nimalize.

"Itakuwa nyumba nzuri sana, Baba," akasema. "Lakini nitabaki kule. Nitawajibu leo."

Nilidhani ni kwa sababu ya yale matofali. Nikaanza kumweleza tena habari ya lori, akanishika mkono, mkono wenye masizi, akasema, "Si matofali, Baba." Jumanne nilimsindikiza mpaka Bungoma mjini. Nilibeba sanduku mwenyewe, nikamwambia kila mtu pale stendi kwamba huyu ni daktari. Aliinama akanikumbatia, akapanda.

Baada ya wiki kadhaa nilirudi kwenye kiwanja kuondoa vifusi. Yule mama wa nyanya alikuwa amepata watu wa kuchoma nao, matofali yake yamerudi mekundu, amepanga kando ya mlango. Akanisalimu, akaniuliza daktari anarudi lini. Nikamwambia habari.

Akapiga makofi ya huzuni. "Woi! Na alivyotuahidi!"

"Aliwaahidi nini?"

"Kwani hujui? Si pale shuleni, kwenye maswali, nami nilikuwepo. Kuna msichana alimuuliza, wewe ukienda, nani atatueleza hayo mengine? Naye akasema, nikirudi nitakuwa nakuja hapa kila muhula, tutaweka darubini hapo uwanjani, tujifunze pamoja. Watoto wakapiga kelele. Akasema, lakini ngojeni kwanza nizungumze na baba yangu, nijue kama ataniona mtu wa maana nikifanya kazi ya namna hiyo. Akasema, yeye ndiye mkubwa wangu kwa matanuru."

Nilishika ule uzio wake. Nikamwomba anirudilie maneno yale, taratibu, kutoka pale kwenye swali la msichana. Akanirudilia. Nikamwomba tena.

Jumapili binti yangu alipopiga simu, nilimwacha asalimie, halafu nikamwambia yote kwa pamoja. Kwamba ningependa kama angekuja kila muhula. Kwamba ningeweka darubini mwenyewe pale uwanjani, ningekaa mbele nivae suti. Kwamba zile taa za pembeni tungezizima zote, watoto waone. Nilisema vizuri, nadhani sijawahi kusema vizuri namna ile maishani mwangu.

Niliita, nikidhani simu imekatika.

"Nipo, Baba."

"Ningekuambia hivi ile Jumatatu, ungerudi?"

"Sijui, Baba. Nimeshatia sahihi huku, ni miaka mingi." Nikasikia anapumua. "Labda."

Baadaye aliniuliza hali ya Senge, na kama mahindi ya Kitale yamevunwa. Nikamwambia yamevunwa, ni mengi, ghala halitoshi. Akasema hongera. Nikasema asante.